Presha Imeshuka, Njoo Haraka

Nyumbani kwa fundi saa kulikuwa na vipimo viwili vya presha, na vipimo hivyo havikuwahi kupatana hata siku moja.

Kimoja kilining'inia ukutani sebuleni, duara la shaba lenye kioo na mshale, nacho kilipima presha ya hewa. Cha pili kilikaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya mfuko wa zipu, kikiwa na mkanda wa kufunga mkononi na king'ora kinacholia tii, nacho kilipima presha ya fundi mwenyewe. Cha ukutani kikishuka, cha mkononi kinapanda. Hakuna uchawi hapo. Presha ya hewa ikianza kushuka, mvua inanukia, na mvua ikinukia, samaki wa bwawani hula kama wamealikwa harusini. Fundi naye akijua kwamba samaki wanakula, moyo wake huanza kudunda kama mtu aliyebanwa akigonga mlango wa choo. Na mkewe hakumruhusu kutoka na fimbo zake za kuvulia kabla ya kumfunga ule mkanda na kusoma namba.

Kwa hiyo siku zote nzuri za kuvua alikuwa amefungiwa ndani. Siku mbovu, za jua kavu na mbingu nyeupe, siku ambazo samaki wote wameenda chini kabisa kununa, hizo aliruhusiwa kwenda kukaa ukingoni akatazamane na maji mpaka achoke.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Miaka ya kufundisha watoto kushika penseli ilikuwa imemfanya aamini kwamba binadamu wote wana umri wa miaka sita. "Kaa vizuri. Miguu chini. Mkono mezani. Usiongee," angesema, na fundi, mwanaume mwenye mvi na kitambi, angekaa vizuri na asiongee. Sheria hiyo ilianza siku fundi alipopata kizunguzungu kibandani kwake, akaangukia uso kwenye sahani ya skrubu, akarudi nyumbani na nati imemganda kwenye paji la uso. Daktari alisema ni presha, apunguze chumvi na hasira, na ameze dawa. Mwalimu akaongeza la kwake: "Namba ikiwa mbaya, hutoki. Ukianguka majini, mimi sijui kuogelea."

Fundi alimeza dawa. Chumvi akaiacha. Alichoshindwa kuacha ni Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa kambare. Alipewa jina hilo kwa sababu ya tumbo, masharubu, na tabia yake ya kutotokea anapoitwa. Aliishi chini ya daraja bovu la mbao, upande wa bwawa wenye matete, na siku moja kabla mvua haijaanza alikuwa ameidaka ndoano ya fundi, akamburuta hadi magotini ndani ya tope, akamtazama kidogo, kisha akakata mshipi na kwenda zake. Kule kutazamwa ndiko kulikomuuma fundi. Alitazamwa kwa dharau. Tangu hapo hakuwa na ndoto nyingine duniani ila kumtoa yule kambare majini, na alijua kwamba Mwenyekiti hali siku za hovyo. Anakula presha ikishuka tu.

Alilijua hilo tangu alipopata barometa, kile kipimo cha ukutani. Mteja mmoja aliileta kibandani akilalamika kwamba saa yake ina mshale mmoja, haisemi tik wala tak, na kila akiitazama ni saa ileile. Fundi akaifungua. Ndani hakukuta springi ya kujaza wala gurudumu lenye meno, alikuta kikopo chembamba cha bati kisicho na mlango, kinachobonyea na kuvimba chenyewe kama mashavu ya mtoto anayezuia kucheka. Mteja alipoambiwa kwamba hiyo si saa, alidhani anatapeliwa, akatukana, akaondoka, akaiacha. Fundi akaitundika sebuleni na kuanza kuigonga kioo kwa kidole kila asubuhi kabla hata ya kumsalimia mkewe, jambo ambalo Mwalimu hakulisahau.

Mwenzake wa kuvua alikuwa shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, fundi bomba aliyeitwa Bomba na watu wote isipokuwa mama yake. Bomba alikuwa na pikapu, ndiyo maana hakuachwa nyumbani, maana kwa ubishi wake angestahili kuachwa. Hakuamini barometa hata kidogo.

"Shemeji, presha ni kazi yangu mimi," angesema, wameketi ukingoni juu ya ndoo zilizopinduliwa. "Tangu lini fundi saa akajua presha? Hebu sikiliza. Samaki akizama urefu wa kiganja tu, huu hapa, kashabanwa na maji kuliko mvua yako yote inavyoweza kumlegeza. Sasa samaki anayepanda na kushuka kutwa nzima, atajuaje kama hewa ya huku juu imepungua? Anasoma gazeti?"

"Ana kibofu cha hewa tumboni. Hewa ya juu ikilegea, kibofu kinavimba, anasikia."

"Mimi nikila maharage navimba zaidi ya hapo, na sijawahi kukimbilia ndoano ya mtu."

Wangebishana hivyo mpaka jua lizame, huku chambo kikiliwa na vidagaa. Na ukweli ni kwamba fundi aliupenda ubishi ule karibu sawa na alivyompenda Mwenyekiti, ingawa angekatwa kichwa kabla ya kukiri. Bomba alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo nene, anayecheka mpaka pikapu inatikisika. Kisogo kilimuuma mara kwa mara. Alisema ni kuinama chini ya masinki ya watu. Alitembea na vidonge vya maumivu mfukoni akivitafuna kama karanga, na dada yake akimwambia apimwe, alijibu kwamba presha anayoijua yeye ni ya mabomba, na ikizidi mtu anafungua koki.

Basi ikafika Jumamosi moja. Fundi aliamka, akaenda ukutani, akagonga kioo, na mshale ukaanguka. Haukusogea, ulianguka. Akagonga tena, ukashuka zaidi. Hakuwahi kuuona umelala pale tangu siku alipoitundika barometa. Nje hewa ilikuwa imetulia, majani hayatikisiki, na mbali kule upande wa bwawa mbingu ilikuwa na rangi ya jivu bichi. Fundi akajua kama anavyojua jina lake kwamba Mwenyekiti ameshaamka na ameshafunga leso shingoni.

Akajitahidi kutulia. Akakaa kwenye kiti cha sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji baridi, akafumba macho na kuwaza mambo ya kuchosha: mikutano ya wazazi shuleni, hotuba za watu wanaosema "kwa kumalizia" halafu wanaanza upya, harusi ya binamu yake anayesinzia hata akiongea. Akahisi moyo unapoa. Mwalimu akaja na mkanda.

"Mkono mezani. Na hiyo miguu kwenye beseni ni ya nini?"

"Joto."

"Usiongee."

Mkanda ukavimba, ukabana, ukatoa pumzi. Tii. Mwalimu akasoma namba, akamwangalia mumewe, akaangalia barometa ukutani, akaelewa kila kitu.

"Hutoki."

"Mwalimu, tafadhali. Leo tu. Huu mshale haujawahi..."

"Nimesema hutoki. Nenda kalale. Na hilo beseni ulimwage mwenyewe." Akaenda uani kufua, akiacha mlango wazi ili asikie.

Hapo fundi akafanya jambo la kitoto, kama ambavyo mtu hufanya akitendewa kama mtoto. Alijipenyeza hadi stoo na simu yake. Siku nyingine humpigia Bomba, lakini leo masikio ya Mwalimu yalikuwa hatua chache tu, kwa hiyo akaandika ujumbe: *Presha imeshuka sana. Haijawahi kushuka hivi. Njoo haraka na gari. Dada yako asijue.* Akatuma. Akarusha fimbo nje kupitia dirisha la stoo, akarusha ndoo, akarusha mkebe wa chambo, kisha akapanda juu ya gunia na kuanza kujirusha mwenyewe.

Simu ya Bomba ilikuwa jikoni kwake, mtaa wa pili, ikichajiwa. Aliyeusoma ule ujumbe alikuwa mkewe, wifi yake Mwalimu, mwanamke mwenye huruma nyingi na subira ndogo. Alisoma "presha imeshuka sana". Alisoma "haijawahi kushuka hivi". Alipofika kwenye "dada yako asijue", akaona picha nzima: mume mwema anakufa kimyakimya chumbani, hataki kumsumbua mkewe anayefua. Akapiga ukelele ambao majirani waliukumbuka siku nyingi.

"Baba! Baba wee! Shemeji anakufa!"

Bomba alikuwa nyuma ya nyumba, kichwa ndani ya tangi. Laiti angeusoma ule ujumbe mwenyewe, angeelewa, angecheka, angechukua funguo taratibu. Lakini Wifi alikuwa ameikumbatia simu kifuani akilia, na Bomba hakuuliza. Alitoka ndani ya tangi akiwa amelowa, akaruka kwenye pikapu, na walifika kwa fundi wakiwa wamepoteza kioo kimoja cha pembeni.

Wifi akapita uani kama upepo. "Wifi, jikaze! Mumeo presha imeshuka!"

Mwalimu akainua uso kutoka kwenye mapovu. "Imeshuka? Nimeipima sasa hivi, imepanda."

"Basi imepanda ikashuka!"

Wakaingia ndani mbio. Chumbani hakuna mtu. Sebuleni kuna beseni tu. Bomba ndiye aliyefungua mlango wa stoo, akaona nusu ya chini ya shemeji yake ikining'inia dirishani, miguu ikipiga hewa. Kitambi kilikuwa kimekwama. Kutoka nje ilisikika sauti ikikoroma kwa juhudi, na Bomba akadhani ni mkoromo wa mwisho.

"Shemeji, usituache!" akapiga kelele, akakamata ile miguu na kuvuta kwa nguvu zote za mtu anayeng'oa bomba la kutu. Fundi akatoka dirishani na sehemu ya fremu. Wakambeba watu watatu, wakamlaza kitandani, Wifi akimpepea kwa sufuria.

"Niacheni! Si mimi!" alipiga kelele fundi. "Ni presha ya hewa!"

"Anasema nini?"

"Hewa! Anataka hewa!"

"Fungueni madirisha! Mwondoleeni mkanda wa suruali!"

"Sitaki hewa! Presha! Ya hewa! Ukutani!"

"Anaweweseka," alisema Wifi, na akaanza kulia upya.

Ni Mwalimu aliyetulia. Aliiona ndoo nje kupitia dirisha. Aliuona mkebe wa chambo. Akanyoosha mkono, akachukua simu kutoka kifuani kwa Wifi, akasoma ule ujumbe polepole, kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi aliyenakili. Fundi akatamani presha yake ishuke kweli.

"Dada yako asijue," alirudia Mwalimu.

Bomba ndiye wa kwanza kuelewa, na alipoelewa akaangua kicheko. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa ameegemea ukuta, akacheka akashuka chini taratibu mpaka akakaa sakafuni, machozi yakimtoka. "Anataka hewa," alisema, akashindwa kuendelea. Kisha akashika kisogo kwa mikono miwili. Alikuwa anatokwa na jasho jingi kuliko mtu aliyekimbia kutoka gari hadi mlangoni. "Aisee, kicheko hiki kitaniua. Wifi wa dada yangu, nipe vile vidonge vyangu."

Mwalimu akaacha kumwangalia mumewe. Akamwangalia mdogo wake.

"Mkono mezani," alisema.

"Dada, mimi mzima..."

"Usiongee."

Bomba alikuwa mtu wa futi sita na familia yake mwenyewe, lakini dada ni dada. Akanyoosha mkono, dada akauleta mkanda. Mkanda ukavimba, ukasita, ukavimba tena kupita ilivyo kawaida yake, ukatoa pumzi kwa shida. Tii. Mwalimu akaangalia namba, akauhamishia mkono mwingine. Tii. Akajifunga mwenyewe, ya kwake ikasoma vizuri. Akamrudia Bomba mara ya tatu, na safari hii alipoifunga zipu ya ule mfuko, vidole vyake vilikuwa vinakosea njia.

"Inasemaje?" aliuliza Wifi.

"Twende hospitali."

"Ah, mashine mbovu hiyo," alisema Bomba. "Nilale kidogo tu. Au bora twende bwawani, nitapumzika kule ukingoni, shemeji anisomee mshale wake."

Fundi alikuwa ameshasimama na funguo mkononi, maana wanawake wote wawili hawakujua kuendesha. Wifi na Bomba wakakaa mbele naye. Mwalimu akapanda nyuma kwenye mabomba, kilemba kikipepea, akigonga paa na kutoa amri ambazo upepo ulizichukua. Na fimbo za kuvulia, haijulikani kwa mkono wa nani, zilikuwemo humo nyuma. Labda Wifi alizikusanya katika kuchanganyikiwa kwake.

Barabara ya kwenda hospitali na barabara ya kwenda bwawani ni moja mpaka kwenye njiapanda ya kiwanda cha matofali. Walipoikaribia, fundi aliiona mbingu ya upande wa kushoto ikiwa nyeusi na nzito. Upepo wa baridi uliingia ukiwa na harufu ya matete. Ilikuwa saa yenyewe hasa. Mtu hapewi saa kama ile mara mbili.

"Kata kushoto," alisema Bomba akicheka. "Mwe... Mweki... Mweketi anakusubiri."

Alisema hivyo, na hakusikia kwamba amekosea. Ulimi wake ulikuwa unaburuta maneno kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Fundi akamgeukia, akaona upande mmoja wa mdomo haucheki pamoja na mwenzake.

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo maisha yake yote, hata siku alipoangukia skrubu, maana siku ile alikuwa anajipoteza yeye tu. Akakata kulia bila kupunguza mwendo, na nyuma akasikia mkewe na mabomba yote wakihamia upande mmoja.

Hospitalini walimchukua Bomba kwenye kitanda cha magurudumu huku bado anabisha kwamba anaweza kutembea. Wakakaa kwenye benchi la korido, watu watatu. Daktari alipotoka, binti mwenye macho ya kuchoka, alisema wameanza kumpa dawa, na kwamba amefika katika wakati unaofaa. "Angelala akapumzika kama alivyotaka, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine. Nani aligundua?"

"Barometa," alisema Wifi, akapenga kamasi.

Daktari akasubiri maelezo, hayakuja, akaondoka.

Mwalimu alikuwa bado ameshikilia mfuko wake wa zipu. Hakujua afanye nini na mikono yake, na kwa kuwa mikono yake ilizoea jambo moja, akamfunga mumewe mkanda palepale kwenye benchi. Fundi akakaa vizuri bila kuambiwa. Tii. Mwalimu akaisoma namba, akaisogeza karibu na macho.

"Imeshuka," alisema. "Iko sawa kabisa. Kama ya kijana."

Wote wawili wakatazama dirisha la mwisho wa korido. Mvua ilikuwa bado haijaanza. Miti ya uani ilikuwa imeanza kuinamisha vichwa.

"Nenda," alisema Mwalimu kwa sauti ambayo haikuwa ya darasani. "Funguo unazo. Fimbo zimo. Mimi na Wifi tupo. Nenda kamkamate huyo mdudu wako, mume wangu. Nimekuruhusu."

Na tusimpake mafuta huyu mwanaume: hamu ilimjia. Ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Alimwona Mwenyekiti chini ya daraja, mdomo wazi. Akasimama, akampa mkewe funguo, akaingia wodini.

Bomba alikuwa amelala chali, mirija mkononi, amekuwa mdogo kwa namna ambayo fundi hakupenda kuiona. Juu ya kichwa chake kilikuwepo kioo chenye namba zinazobadilika. Bomba akafumbua jicho.

"Presha vipi?" alinong'ona, maneno bado mazito.

Fundi akatazama kile kioo kwa makini, kama anavyoutazama mshale wake kila asubuhi. "Inashuka. Taratibu. Inashuka vizuri."

"Ya hewa au yangu?"

"Zote."

Nje tone la kwanza likapiga bati, kisha mengine. Bomba akasikiliza.

"Sasa wewe unafanya nini hapa? Kambare anakula."

"Mwache ale," alisema fundi, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Na hata kama anakula, si kwa sababu ya mvua." Bomba alitafuta pumzi. "Samaki akizama kiganja kimoja tu..."

"Ni kweli, shemeji. Uko sahihi."

Bomba akafumbua macho yote mawili. Hofu ambayo hakuionyesha ndani ya gari wala kwenye kitanda cha magurudumu sasa ilionekana wazi usoni. "Mbona unanikubalia? Daktari kasema nakufa?"

"Hajasema."

"Basi nibishie."

Fundi akainamia kitanda. Akapangusa uso kwa kiganja, akapangusa tena, akajikaza.

"Samaki ana kibofu cha hewa tumboni, mjinga wewe," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza tena tangu mwanzo.